Kujua Kiswahili si kuijua Nairobi: dhana potofu za wanaosubiri ndege JKIA

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Simu ilitoka Dodoma, kijana mwenye sauti ya adabu, anasafiri na mkewe kwenda Guangzhou, na wana masaa kumi na moja ya kusubiri ndege ya pili hapa Nairobi. Nikamuuliza nani atawapokea. Akacheka. "Dada, sisi si Wazungu. Tutauliza kwa Kiswahili, tutafika."

Kazi yangu ni kuwapokea abiria wa transiti katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), kuwatembeza mjini au kuwapeleka mahali pa kulala, na kuwarudisha kabla kaunta haijafungwa. Nilianza nikiwa dereva. Sasa tuna magari manne na kiofisi Embakasi, karibu na uwanja kiasi kwamba usiku tunasikia ndege zikinguruma kabla ya kuruka. Wateja wangu wengi ni Watanzania, Wakongo, Warundi na Wakomoro. Maneno ya yule kijana nimeyasikia kwa kila lafudhi ya Kiswahili ninayoijua, na kila nikiyasikia moyo unanidunda, kwa sababu wenzake niliowaendea mjini usiku nawakumbuka kwa sura. Kwa hiyo nianze na hayo.

Dhana: "Nazungumza Kiswahili, kwa hiyo Nairobi mimi si mgeni"

Ndugu yangu, Kiswahili chako ndicho kinachokutangaza. Mtu wa Nairobi akitaka maji dukani anasema "nipe maji" na kuweka hela juu ya kaunta. Wewe ukisema "samahani kaka, naomba unisaidie maji makubwa ya baridi", kabla hujamaliza, muuzaji, mteja aliye nyuma yako na kijana aliyeegemea mlango wote wameshajua kwamba umetoka ng'ambo ya Namanga. Ukiiita matatu daladala, ukimwamkia kondakta shikamoo, basi. Mzungu anajulikana kwa rangi, wewe unajulikana kwa adabu. Na adabu hiyo si kosa, wala sikuombi uigize Sheng, lugha yetu ya mtaani, maana utaigiza vibaya na utajulikana zaidi. Ninachotaka ni ushuke kwenye ndege ukijua kwamba unaonekana.

Halafu kuna pesa. Shilingi yetu na shilingi ya Tanzania zinaitana jina tu. Moja ya kwetu ni karibu ishirini za kwenu. Dereva akitaja "elfu nne tu", akili ya Mtanzania inajua kuna tofauti, lakini sikio lake limezoea elfu nne kuwa nauli ya bajaji, na mwili umetoka safarini umechoka. Anakubali. Elfu nne hiyo ni kama elfu themanini alizoacha nyumbani. Hapo bado hajakutana na hesabu za mtaani, ambako mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia, na thao au ngiri ni elfu. Mteja wangu mmoja, mzee wa watu, alikubali "thao tatu" akidhani ametajiwa jina la mtaa anakopelekwa. Ukitajiwa bei, mwambie aiandike kwenye simu kwa tarakimu, uisome, ndipo useme ndiyo.

Saa nazo zina mtego wake. Tiketi ikisema 02:00, hiyo ni saa nane ya usiku, na Waswahili wote tunajua. Lakini mwambie dereva wa Nairobi "nifuate saa nane": mmoja ataelewa kama wewe, mwingine aliyezoea kutaja saa kwa Kiingereza kutwa nzima ataandika 8:00 kwenye simu yake na atakuja asubuhi wewe ukiwa umeshaachwa. Andikeni tarakimu zilezile zilizo kwenye tiketi. Na kwa ndugu wa Lubumbashi, Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali: Nairobi iko mbele yenu kwa saa moja. Wa Kinshasa, saa mbili. Simu isiyo na mtandao haitakwambia. Saa ya mkononi irekebishe ukiwa bado umefunga mkanda kwenye kiti.

Lakini yote hayo ni madogo. Hatari yenyewe ni kwamba Kiswahili kinakulegeza. Mtu akikujia kwa Kiingereza unashika mkoba kwa mikono miwili. Akikuita "mama yangu", unamkabidhi.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, kijana mmoja wa Morogoro alikuwa anampeleka mama yake Mumbai kwa matibabu ya moyo. Tulikuwa tumepatana niwapokee, wapumzike mahali, niwarudishe. Asubuhi ya safari akaniandikia kwamba atajisimamia mwenyewe. Walipotoka nje, mtu mwenye shati jeupe na beji shingoni akamwona mama anatembea kwa kujivuta. "Pole sana mama yangu, karibu Kenya, lete nikupokee." Kiswahili laini, cha pwani. Mama akampa mkoba. Kijana aliniambia baadaye kwamba hata hakufikiria, aliona kama wamepokelewa na jirani.

Gari lilikuwa safi. Ile beji hakuna aliyeisoma. Walipofika Haile Selassie Avenue foleni ilikuwa imesimama, na dereva akawaambia washuke, duka la kubadilisha fedha liko hapo mbele, lina bei nzuri, mama atanyoosha miguu, yeye atageuza gari awachukue palepale. Wakashuka. Mkoba ukabaki ndani. Gari halikurudi.

Alinipigia kwa simu ya muuza njugu karanga. Niliwakuta Ronald Ngala Street, mama ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, amevua viatu na kuvipanga sambamba kando yake kama vile yuko barazani kwake. Kijana alikuwa bado ameshika kadi za kupandia ndege, zimelowa jasho la kiganja hadi zimelegea kama kitambaa. Pasipoti alizishonea mfuko ndani ya fulana, na hizo ndizo zilizoiokoa safari. Mkoba uliopotea ulikuwa na dawa za mama za wiki tatu, sweta lake, na bahasha kubwa ya kahawia yenye vipimo vyote vya moyo alivyofanyiwa tangu mwanzo. Yule mwizi vipimo vya moyo wa mama hakuwa na kazi navyo. Nadhani alivitupa mtaroni kabla giza halijaingia. Tulimpigia daktari wao Morogoro, akatuma picha ya cheti, tukapata dawa za siku tano kwenye duka la dawa, na ndege wakaiwahi. Vipimo vilirudiwa India, kwa pesa ambayo wanaukoo hawakuwa wameichanga.

Basi, haya ndiyo ninayowaambia wateja, na nayasema kwa ukali kwa sababu ya huyo mama.

Dereva halali hakufuati kukuomba mzigo. Teksi za uwanjani zina kituo chao nje ya jengo, unawaendea wewe. Ukitumia programu, Uber, Bolt na Little zote zinafanya kazi hapa, lakini soma namba ya gari herufi kwa herufi, mwangalie dereva usoni na kwenye picha, ndipo ufungue mlango. Akikuomba ughairi safari kwenye programu ili mlipane pembeni, shuka. Anachokuomba ni ufute ushahidi wa pekee kwamba uliingia katika gari lake.

Bango lenye jina lako halitoshi. Jina lako liko kwenye lebo ya begi, na mwenye macho analisoma. Kwetu kila mteja anapewa neno la siri kabla ya safari, na mimi nimezoea kutumia majina ya samaki: kibua, perege, sangara. Aliyekuja kukupokea akishindwa kulitaja, hata kama anajua jina lako hadi la babu, usimfuate. Fanya hivyo pia ukipokelewa na rafiki wa binamu yako, kwa sababu huyo naye hujawahi kumwona.

Dawa, pasipoti, vyeti na vipimo vinakaa kwenye mfuko ambao haubebwi na mtu mwingine na hauwekwi kwenye buti. Ukishuka, unashuka nao. Hata kwenda kununua maji. Na kwenye karatasi andika namba tatu za simu, namba ya ndege na saa yake, uikunje uiweke ndani ya kiatu. Wateja hunitazama kama mama mzee ninapowaambia hilo la kiatu. Kijana wa Morogoro alinipata kwa sababu namba yangu aliishika kichwani. Wengi siku hizi hata ya mke hawaijui.

Dhana: "Masaa manane ni mengi, tutauona mji wote"

Tuhesabu pamoja. Kushuka, kupita Uhamiaji na kutoka nje, weka saa moja, na zaidi ikiwa ndege kadhaa za alfajiri zimetua kwa mfululizo. Uwanja uko Embakasi, kilomita kama kumi na tano kutoka katikati ya mji. Kwa Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, unaweza kuingia mjini kwa dakika ishirini. Kwa Mombasa Road ya chini, kuanzia saa kumi na nusu jioni, nimewahi kukaa masaa mawili. Hata huko juu, jioni magari hubanana kwenye njia za kutokea. Wakati wa kurudi weka saa nzima ya barabara, na uwe uwanjani masaa matatu kabla ya ndege kuruka.

Ninaambiwa masaa matatu ni ya waoga. Wanaosema hivyo hawakumbuki mpangilio wa JKIA. Kabla hujafika kwenye jengo, gari linasimamishwa kwenye kizuizi na abiria wote mnashuka kukaguliwa kwa miguu, dereva peke yake ndiye anayepita na gari. Mlangoni mwa jengo mnapitisha mizigo kwenye mashine. Kuna kaunta. Kuna Uhamiaji. Kuna ukaguzi mwingine kabla ya geti. Na hakikisha unajua jengo lako: Terminal 1A hadi 1E yako karibukaribu, lakini Terminal 2 iko mbali nayo, na ukiachwa kwenye jengo lisilo lako ukiwa na mabegi mawili, zile dakika ulizojisifu kuziokoa zinaishia hapo.

Kwa hiyo katika masaa manane, yako wewe ni mawili na nusu. Chakula kizuri na mzunguko mmoja, hayo yanatosha kabisa. Chini ya masaa sita mimi simtoi mteja nje, hata akinibembeleza, na pesa yake naikataa.

Angalia na tarehe. Tarehe 25 Juni na 7 Julai mwaka 2025 polisi walizifunga barabara za kuingia katikati ya mji kwa sababu ya maandamano, na aliyekuwa ndani alitoka kwa miguu. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wenyewe waligoma na ndege zikachelewa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikimwagika alasiri, barabara za chini hugeuka mito. Jioni kabla ya safari soma habari za Nairobi, dakika tano tu.

Na kabla ya yote hayo, ujue kama unaruhusiwa kutoka. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, isipokuwa wa Somalia, hahitaji ile ruhusa ya mtandaoni, eTA, iliyochukua nafasi ya viza mwanzoni mwa 2024, na tangu 2025 Waafrika wengine karibu wote nao wamesamehewa. Wageni wengi wa nje ya Afrika wanaihitaji mara wanapotoka nje ya uwanja, ingawa wanaobaki ndani kusubiri ndege hawaihitaji. Wenye tiketi mbili tofauti zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu ya bei, hasa nyinyi: mara nyingi begi halitavushwa lenyewe. Itabidi utoke, ulichukue, uliingize upya. Hapo "nitabaki ndani" haipo tena.

Dhana: "Nikibaki ndani ya uwanja niko salama, nitalala fofofo"

Uko salama zaidi kuliko Tom Mboya Street, hilo nakubali. Lakini wizi wa uwanjani ni wa kimya. Unatokea mahali watu wanapoona pana ulinzi mkubwa kuliko kote, pale kwenye mashine ya ukaguzi. Abiria anaweka simu, saa, pochi na mkanda kwenye trei. Trei inapita. Yeye mlango unalia, anarudishwa, anainua mikono, anapapaswa. Kwa dakika mbili vitu vyake vyote vya thamani viko upande wa pili, vimelala wazi, na watu kumi wanachukua vyao. Dawa yake ni rahisi: kabla hujapanga foleni, kila kilicho mfukoni kiingie ndani ya begi na zipu ifungwe. Kwenye trei isionekane hata sarafu.

Ukilala, lala karibu na duka au kaunta yenye watu na taa, si kwenye kile kipembe chenye giza ulichokipenda kwa utulivu wake. Mkanda wa begi uzungushe mguuni. Simu usiiache kwenye soketi ya ukutani halafu ukalala mita tatu mbali, chaji kutoka kwenye begi lako.

Na vaa sweta. Nalisema katika makala ya usalama kwa makusudi. Uwanja huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni, Julai na Agosti mtu wa Dar, Tanga au Moroni aliyekuja na shati la mikono mifupi anatetemeka hadi alfajiri. Mtu aliyetetemeka usiku kucha anakubali lolote. Nimewapokea watu waliofuatana na mtu wasiyemjua saa tisa za usiku kwa sababu aliwaahidi kitanda na blanketi "hapa karibu tu". Ukitaka kitanda, hoteli ziko ndani ya eneo la uwanja na kando ya Mombasa Road. Lipia kabla hujatoka nyumbani na uliza kama wanatuma gari. Wengine husubiri hoteli ya bure ya shirika la ndege. Ina masharti, na mahali pa kuyauliza ni siku unayonunua tiketi.

Mengine, kwa haraka

"Transiti haihitaji cheti cha homa ya manjano." Kenya imo katika orodha ya nchi zenye homa hiyo, na nchi kadhaa, Tanzania na Afrika Kusini zikiwemo, zinadai cheti kwa mtu aliyekaa zaidi ya masaa kumi na mawili katika uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo. Masaa yako kumi na tano ya Nairobi yanaweza kukukwamisha unakokwenda. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Cheti cha zamani usikitupe, tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote.

"Alikuwa mama na mtoto mgongoni, nikamsaidia begi." Hapana. Hata akiwa amebeba mapacha. Msaidie mtoto, mwinulie begi kwenye toroli huku yeye amelishika, lakini usilipitishe kwenye ukaguzi kama lako na usilitunze wakati "anaenda chooni". Adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya katika sheria ya Kenya ni kifungo cha miaka mingi, na begi lililo mkononi mwako ni lako mbele ya askari. Nawaambia pia mabinti wanaopita hapa kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni: wakala aliyesema mwenzake atakutana nawe Nairobi "akushikie pasipoti" hakutakii heri. Pasipoti hashikiwi mtu. Anaionyesha kwa ofisa, inarudi mkononi. Ukibanwa, nenda dirisha la Uhamiaji ulilo karibu nalo useme kwa sauti, watu wasikie.

"Westlands ni kwa matajiri, huko hakuna shida." Huko ndiko kwenye mchele. Kwetu mchele ni dawa ya usingizi inayotiwa kwenye kinywaji, na anayeitia ni mtu mzuri wa sura mliyecheka naye saa nzima. Utaamka bila simu, bila pesa, na ndege yako imeshatua Dubai. Kuna wasioamka. Ukiwa na ndege ya kuwahi, kunywa chupa uliyoiona ikifunguliwa, na ukienda chooni ukirudi agiza nyingine. Ile uliyoiacha imwage.

"Foleni ni mahali pa kupumzika na simu." Dirisha likiwa wazi na simu sikioni, kwenye mzunguko wa Globe au Haile Selassie, mkono unaingia na kutoka kabla hujasema halo. Funga kioo. Upande wa mkono wenye saa pia.

"Polisi akikusimamisha, toa kitu kidogo upite." Kutoa ni kosa kama kupokea, na ukishatoa umeonyesha pochi ilipo. Tembea na pasipoti. Ukisimamishwa, salimia, onyesha, uliza kosa lako. Katiba yetu ya 2010 inakupa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa. Asiyevaa sare mwombe kitambulisho cha kazi, na akisema twende, sema sawa, twende kituo cha polisi kilicho karibu, kwa miguu, mahali penye watu. Anayekuelekeza kwenye gari lake au kwenye mashine ya benki ni tapeli. Piga 999 au 112. Askari wa kaunti, kanjo, ni wengine, na wageni wengi huwapata kwa sababu ya sigara: kuvuta hadharani ni marufuku tangu sheria ya 2007, kuna sehemu zilizotengwa. Usiwashe barabarani.

Na ile ya upande wa pili: "Nairobi ni wizi mtupu, bora nisitoke kabisa"

Hii inaniuma tofauti, kwa sababu mji huu ndio ulionilea. Kuna watu wamepita hapa mara kumi na hawajawahi kuiona anga ya nje ya kioo. Ukiwa na masaa tisa au kumi ya mchana, usafiri uliopangwa na sweta, toka. Na usianze na River Road. Anza na mbuga.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na lango lake la mashariki liko upande wa Mombasa Road, kwa hiyo mteja aliyetua alfajiri haingii foleni ya mjini hata kidogo. Inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Langoni hawapokei pesa taslimu, kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ni vizuri mlipe mkiwa bado na Wi-Fi ya uwanja. Simba wapo, vifaru wapo, nyati na twiga wapo. Tembo hawapo, nasema mapema kwa sababu watoto hulia. Hakuna wa kukuchomolea pochi humo ndani, na unabaki kwenye gari isipokuwa pale panaporuhusiwa kushuka.

Mwezi uliopita nilikuwa na familia ya Bujumbura, baba, mama na wasichana wawili. Tulimkuta kifaru na mtoto wake kando ya njia, karibu kiasi cha kusikia nyasi zikikatika mdomoni, na juu yao ndege ilikuwa inashuka kuelekea Embakasi, magurudumu nje. Mdogo aliuliza kama ndiyo ndege yao. Haikuwa, yao ilikuwa ya saa tisa alasiri. Saa tano na nusu tulikuwa kwenye kizuizi cha uwanja, wote wanne wameshuka kukaguliwa, begi la dawa begani kwa baba, vumbi la mbuga bado kwenye viatu vyao.